Chambo cha kapu wakati wa baridi: boili, mahindi ama funza?

Haya wapendwa karibuni tena, leo niko ziwani hapa Uingereza, ni Januari, vidole sivisikii, maji nimepima yako nyuzi 5. Na kabla hujauliza, kapu ni samaki, yule mnamjua watu wa Naivasha, si kapu la sokoni.

Sasa huyu mwili wake unafuata joto la maji, maji yakipoa hata tumbo linapoa, anakula kidogo tena kwa muda mfupi tu, halafu wewe unammwagia kilo mbili za chambo kama ni Julai, kiangazi cha huku, atadonoa viwili vitatu ashibe na cha ndoano akiache palepale. Mimi nilifanya hivyo mwaka jana nikarudi na mafua tu.

Tuanze na boili, hivi vidonge vya kuchemshwa, hizi zangu ni za mafuta ya samaki. Cheki hii bakuli, ni maji ya ziwa, imekaa humu nusu saa na ukinusa hamna kitu, mafuta yamekuwa mazito kama samli ya asubuhi. Kiangazi hizi boili zinavuta samaki balaa, sasa hivi unatupa hela. Ukilazimika chukua ya milimita 10, pinki ama nyeupe, ile ya kuelea, weka moja peke yake basi.

Mahindi matamu ya kopo, hayo bei rahisi na yanaonekana mbali. Punje mbili kwenye ndoano, kiganja kimoja cha kutupia. Namba mbili yangu.

Namba moja ni funza, hawa wa nzi, eeh najua, kinyaa, lakini ni laini, anasagika haraka tumboni, na anajinyonganyonga. Huku wanauzwa kwa painti kama bia, nusu painti inanitosha siku nzima. Waweke kwenye friji wasigeuke pupa, ile hatua ya kabla ya kuwa nzi, mke wangu ameshanipa onyo la mwisho kwa hilo.

Ile mifuko ya kuyeyuka majini, unayotia funza ndani ukaitupa pamoja na ndoano, angalia sana, niliyonunua mimi nimeivuta baada ya dakika kumi bado ina fundo, funza wote ndani wamekaa kama abiria. Tafuta iliyoandikwa ya maji baridi.

Na wewe uliyeuliza ugali, donge linashika ndoano vizuri tu, ila nimelijaribu Septemba, kwa baridi hii bado.