Uzoefu wangu na Mauser 71 niliyouziwa kama bunduki ya askari wa Tanga

Nimezaliwa Chumbageni, Tanga, si mbali na Ras Kazone, pale jeshi la Waingereza na Wahindi liliposhukia Novemba 1914. Wazee wetu walitusimulia vita ile kwa mambo mawili: nyuki na moshi. Nyuki kila mtu anawajua, wale waliowavamia wanajeshi katikati ya mapigano. Mimi nilishikwa na moshi. Askari wetu waliokuwa upande wa Mjerumani wengi wao walibeba Mauser za mwaka 1871, zinazotumia baruti nyeusi. Ukifyatua mara moja tu, wingu jeupe linapanda juu ya majani na adui anajua umelala wapi. Sasa naishi Ohio, Marekani. Kwa miaka kadhaa nimekusanya picha na vipimo vya bunduki hizo, na mwaka jana nikanunua ya kwangu.

Niliipata kwenye mnada wa mtandaoni. Tangazo lilisema ni Mauser 71 yenye chapa ya K.S., yaani Kaiserliche Schutztruppe, jeshi la makoloni la Kaisari, mfalme wa Ujerumani, na kwamba ilitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Nililipa dola 1,150. Nyingine ya aina hiyohiyo, isiyo na herufi hizo mbili, iliuzwa palepale kwa dola 700. Moyo wa mtu wa Tanga ulinisukuma, na muuzaji bila shaka alijua kuna mioyo ya namna hiyo.

Kwa walio Marekani: sheria ya taifa huihesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa kitu cha kale, kwa hiyo ililetwa hadi mlangoni kwangu. Majimbo yana sheria zao, angalieni kwanza. Nyumbani ni habari nyingine kabisa. Ukikuta mtutu wa zamani shambani Handeni au Mahenge, usiupige msasa wala usiuuze kama chuma chakavu. Toa taarifa polisi, na wasisitizie kwamba ni kitu cha kale.

Bunduki yenyewe ni kazi ya fundi. Paul Mauser na kaka yake Wilhelm wa Oberndorf waliibuni, na jeshi la Prussia likaipokea mwaka 1872. Ina urefu wa sentimita 134 na ushei, na uzito wa kilo 4.5 hivi, nikiisimamisha kitako chini, mdomo wa mtutu unanifika kifuani. Inachukua risasi moja tu kwa wakati. Unavuta nyuma komeo, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, unaweka risasi, unasukuma, unalaza mkono wa komeo kulia, basi. Komeo lile linateleza hadi leo kama limetiwa mafuta jana.

Jambo moja sikulijua mpaka nilipoishika. Haina kifaa cha kurusha ganda nje. Komeo linalivuta ganda hadi nje ya mtutu, kisha ganda linabaki limelala pale, na ni lazima uibinue bunduki ubavuni au ulitoe kwa kidole. Nilikaa sebuleni nikiirudia hatua hiyo kwa ganda tupu, nikamfikiria askari aliyelala kifudifudi kwenye mashamba ya Tanga, moshi wake mwenyewe umemfunika macho, anabinua bunduki ya kilo nne na nusu baada ya kila risasi.

Sikuisafisha. Wanaoanza kukusanya, hili naomba mlishike kuliko yote: usisugue kitu kabla hujapiga picha. Rangi ya uzee kwenye chuma na mbao ni ushahidi, na ukiiondoa hairudi. Niliifuta vumbi kwa brashi laini, nikazima taa ya juu, nikalaza tochi pembeni kabisa ili mwanga upite juu ya chuma kama jua la magharibi. Kwa mwanga huo hata chapa iliyofifia inasimama. Nilipiga picha kila chapa na rula pembeni yake, nikaandika yote kwenye daftari: I.G.Mod.71 kwa herufi za Kijerumani za kale ubavuni kushoto, jina la kiwanda Spandau, mwaka 1877, herufi ndogondogo zenye taji za wakaguzi, namba ya bunduki pamoja na herufi inayoifuata. Herufi hiyo msiiache. Kiwanda kikishamaliza namba kilianza upya kwa kuongeza herufi, kwa hiyo namba peke yake inaweza kuwa ya bunduki kadhaa. Andika kiwanda, mwaka, namba na herufi.

Hata vichwa vya skrubu vina tarakimu mbili za mwisho za namba. Skrubu zangu zote zilikubaliana isipokuwa moja. Komeo lilikuwa na namba tofauti kabisa, na tangazo halikulitaja. Hilo ningelisamehe, maana makomeo yalichanganywa sana bunduki hizi zilipouzwa kwa mafungu.

Kisha nikafika kwenye K.S.

Chapa nyingine zote zilikuwa zimelainika kingo, na kutu ya kahawia imelala ndani yake kama masizi kwenye sufuria. K.S. ilikuwa kali. Ndani yake chuma kilikuwa cheupe, kimepakwa kitu cheusi ambacho pamba yenye mafuta kidogo ilikitoa chote. Mbaya zaidi, nyundo ilikuwa imepasua vishimo vya kutu vilivyokuwapo tayari. Kutu imetangulia, chapa imefuata. Haiwezekani ikawa ya zamani za Kaisari.

Kwenye bamba la kitako niliikuta chapa halisi: 94.R.5.37. Maana yake rejimenti ya 94, kombania ya 5, bunduki ya 37. Rejimenti ya 94 ya askari wa miguu ilikaa Weimar, Eisenach na Jena. Chapa hiyo peke yake haikanushi safari ya Afrika, kwa sababu bunduki kuukuu za jeshi la nyumbani ndizo zilizopelekwa makoloni. Lakini ilinikumbusha jambo ambalo ningepaswa kulifikiria kabla ya kulipa: picha nyingi za askari wetu zinaonyesha Jägerbüchse 71, ndugu yake mfupi zaidi, wala si hii ndefu. Na hata hizo fupi zilizobaki ni chache mno. Kadiri vita vilivyoendelea, askari waliziacha kila walipoteka bunduki mpya, na kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alipojisalimisha Abercorn (leo Mbala, Zambia) Novemba 1918, silaha walizokabidhi nyingi zilikuwa za Waingereza na Wareno.

Nilimwandikia muuzaji, nikamtumia picha nane. Siku tisa kimya. Nilipoandika tena alijibu kwamba yeye naye aliuziwa hivyo, akarudisha dola 300 na kuomba tuishie hapo. Nikakubali, lakini hasira haijaisha. Dola si hoja sana. Herufi zile zimegongwa juu ya jina la watu ambao wengi wao hawana hata kaburi lenye maandishi, ili mtu aongeze bei.

Kamera ndogo ya waya niliyonunua kwa dola 40 ili kuangalia ndani ya mtutu ilifanya kazi nzuri: mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi inaonekana wazi, ila mwanga wake ni mkali mno na inabidi uupunguze hadi nusu, la sivyo kila kutu inaonekana shimo. Sijaifyatua bunduki hii, wala sitaifyatua.

Kwa hiyo Mauser 71 yenyewe naipa nyota tano, na muuzaji nyota moja. Ukitaka kununua yenye hadithi ya Afrika Mashariki, omba kwanza picha ya chapa kwa mwanga wa pembeni. Akikataa, ondoka. Ukitaka bunduki tu, nunua ile isiyo na hadithi, ni nzuri vilevile na bei yake ni ya haki.

Yangu nimeipaka nta nyembamba, na imelala kabatini. Kwenye ukurasa wake wa daftari nimeandika kwa wino mwekundu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: "K.S. ni ya kughushi, imegongwa juu ya kutu." Nakala ya ukurasa huo, pamoja na picha zile nane, nimeifunga kwenye mkanda wa bunduki ili siku ikitoka mikononi mwangu iende nayo.