Star Analyser 100 kwa nyota hafifu: nimeitumia, nawaambia ukweli

Oya wadau mambo vipi, leo sina simu wala spika, leo nina hiki kidude hapa, ngoja nikisogeze mkione... haya. Kinaitwa Star Analyser 100, ukikitazama utasema ni filta tu ya darubini, ile ya inchi moja na robo, unaifunga mbele ya kamera basi. Ila kioo chake kina mistari 100 kwenye kila milimita, mwanga wa nyota ukipita unafunguka kama upinde wa mvua, huo ndo unaitwa spektra, na humo ndo unasoma nyota ina joto kiasi gani na ina gesi gani.

Sasa riviu nyingi wanapiga Vega au Shira, picha kali, wanamaliza. Jamani Shira ndo nyota ang'avu kuliko zote usiku, itashindwaje! Mimi nilitaka zile hafifu zinazobadilika mwanga, huko ndo kidude kinajulikana.

Nikaanza na T Coronae Borealis, iko kwenye kundi la nyota la Kasi ya Masakini, yaani bakuli la maskini, na kweli ukiliangalia ni bakuli lililomeguka upande. Hii nyota ililipuka 1866, ikalipuka tena 1946, piga hesabu mwenyewe uone kwa nini watu wanaikodolea macho sasa hivi. Ikitulia ni magnitudi 10 hivi (kipimo cha mng'ao, namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu zaidi), kwa macho matupu huioni kabisa. Nikapanda juu ya nyumba Kimara, picha za sekunde 30, sikuambulia kitu, ukungu wa rangi ya chungwa tu.

Kwa nini? Kwangu kioo kiko milimita 40 kutoka kwenye sensa ya kamera, kile kipande kinachopokea mwanga, pikseli za kamera yangu ni mikroni 3.75, kwa hiyo kila pikseli inabeba karibu nanomita 0.94, na mstari mwekundu wa haidrojeni, ule wa nanomita 656, unaangukia pikseli 700 kutoka kwenye nyota yenyewe. Yani kamwanga kale kadogo umekatandaza kote huko, ni kama chupa moja ya chai umepeleka msibani unataka itoshe watu wote. Halafu hiki hakina kile kijitundu chembamba ambacho mashine kubwa za kusoma spektra kama Alpy 600 wanacho, so taa zote za mji zinaingia na kukaa juu ya spektra yako.

Basi nikabeba vitu mpaka Lushoto, picha 40 za sekunde 60, nikaziunganisha kwenye kompyuta na T ikatoka!! Upande mwekundu una mabonde mabonde, yaani sehemu ambazo mwanga umefifia, hiyo ni titani oksaidi, alama ya nyota jitu jekundu lililopoa. Nilipiga kelele mbwa wa jirani wakaanza na wao.

SS Cygni nayo nikaijaribu, hii inapanda kutoka magnitudi 12 hadi 8, wastani kila wiki saba hivi, na ikitulia haidrojeni yake inatoa mistari inayong'aa, ikilipuka mistari inafifia au inageuka mabonde kwenye mwanga wa bluu. Mimi niliikuta imelipuka, bluu tupu, ikitulia sijaipata, na kutoka huku kwetu haipandi sana, nyuzi 40 na kitu, unaikuta kwenye vumbi la chini.

Vya kuudhi sasa. Nyota jirani inaweza kulaza spektra yake juu ya yako, dawa yake zungusha kamera. Fokasi iweke kwenye spektra, siyo kwenye nyota, mimi nilipoteza usiku mzima hapo. Kuna alama pembeni ya kidude inaonyesha upande wa spektra yenye nguvu, nilikifunga kinyume, kosa langu. Na usitegemee kupima kasi ya nyota, hakina uchambuzi wa hivyo, utaona mabonde mapana na mistari minene tu.

Ninunue? Kama una darubini inayofuata nyota yenyewe na unaweza kutoka mjini, nunua bila kuwaza. Kama unashinda Dar usiku wote, hela hiyo ifanye nauli kwanza, kidude kitakusubiri. Mimi mwezi wa nne nakigeuza kusini kwa Eta Carinae, ile mstari wake mwekundu unang'aa vibaya mno, na ile haihitaji hata Lushoto.