Viungo vya bomba vya kushikia kamera ya ukaguzi: kipi ununue kwanza

Wengi humaliza wiki nzima wakichagua kamera ya kukagua bidhaa kiwandani na lenzi yake, halafu kishikio kinanunuliwa siku ya mwisho, mbiombio. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Kamera ikisogea haina habari. Inaendelea kupima kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikiinama digrii 1 tu huku bidhaa ikiwa umbali wa milimita 500, picha inahama karibu milimita 9. Kama unatafuta ufa wa nusu milimita, umeshaukosa.

Ninapopanga vishikio nauliza jambo moja: nikilegeza boliti hii, ni mwelekeo mmoja tu unaosogea, au yote kwa pamoja?

1. Bomba la alumini na vibano vyenye mpasuo. Hiki ndicho cha kununua kwa kazi nyingi. Kibano kina mpasuo upande mmoja. Ukikaza boliti, midomo yake inakaribiana na kulikumbatia bomba pande zote. Vipo vya bei nafuu ambavyo ncha ya skrubu inachoma bomba moja kwa moja. Viache. Skrubu hiyo huacha kishimo, na siku ukitaka kusogeza kamera nusu milimita, ncha inarudi kutumbukia mle mle.

Bomba la duara lina kasoro yake: ukilegeza kibano ili upandishe kamera, mkono wote unazunguka. Kwa hiyo nguzo ya wima naichukua ya mraba, na mkono unaotoka kwenda kwenye kamera ndio uwe wa duara. Kama nguzo ni ya duara, nunua na pete ya kukaa chini ya kibano. Pete inashika kimo wakati unageuza, na inazuia kamera isiporomoke na lenzi yake siku mtu atakapolegeza boliti isiyo yake.

Kiungo cha kuinamisha kamera kiwe laini ndani, si cha meno. Meno 24 maana yake hatua za digrii 15, na pembe unayoitaka aghalabu iko katikati ya hatua mbili. Cha meno kiwekee taa nzito.

Unene wa bomba usiuonee uchoyo. Mkono ukiurefusha mara mbili, kwa uzito ule ule mwishoni, unainama chini mara nane zaidi. Fimbo ngumu ikiongezwa kipenyo mara mbili, inakuwa ngumu kupinda mara 16. Kwa hiyo kata mkono uwe mfupi, na ununue bomba nene.

2. Mihimili ya alumini yenye mifereji. Kwa ugumu, hii inaipita namba moja. Imekuja ya pili kwa sababu kila marekebisho yanataka spana na subira. Kama laini yako ya uzalishaji ina bidhaa moja isiyobadilika, ipandishe iwe ya kwanza.

3. Chuma cha pua. Ni kwa sehemu zinazooshwa kwa maji na dawa kila siku. Boliti na nati za chuma cha pua hung'ang'aniana hadi zisifunguke, basi zipake grisi inayofaa kwa kazi hiyo kabla ya kukaza. Vibano vya plastiki juu ya bomba hili navyo vinafaa, ila plastiki hulegea polepole, virudie kuvikaza.

4. Mkono wa viungo vitatu wenye kitasa kimoja. Mzuri wa kutafutia mahali pa kamera wakati wa majaribio. Ukipapata, pima, kisha ufunge kishikio cha kudumu.

5. Kichwa cha gololi, yaani kishikio kinachogeuka kila upande juu ya mpira mmoja. Niliwahi kuitwa kwenye laini ya vizibo ambako kamera ilikuwa ikikataa vizibo vizima kila alasiri. Programu ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili. Kumbe kebo ilikuwa inaning'inia nyuma ya kamera, na gololi ilikuwa imeteleza upana wa ukucha. Kukirudisha kichwa pale pale kilipokuwa haiwezekani, kwa sababu ukilegeza kitasa, pande zote zinaachia kwa mpigo.

Shingo laini za kupinda na vitako vya sumaku sivipi hata namba. Mashine inatetemeka, navyo vinatetemeka zaidi.

Kabla ya kulipa, angalia matundu ya kamera yako. Kamera nyingi ndogo zina matundu ya skrubu za M3 (kipenyo cha milimita 3), na bamba la kishikio huenda likawa na skrubu ya inchi 1/4, ile ya miguu mitatu ya wapiga picha. Uliza pia bamba ni la nini: la chuma au alumini huondoa joto la kamera, la plastiki huikinga na kelele za umeme zinazopita kwenye fremu ya mashine.

Kebo ifungwe kwenye bomba, ikiwa na mkunjo mdogo uliolegea kabla ya kuingia kwenye kamera. Ukishapata picha nzuri, chukua kalamu ya wino usiofutika na uchore mstari mmoja unaopita juu ya kibano na bomba. Asubuhi yoyote mistari isipokutana, utajua kabla hujawasha mashine.