Tairi pana kwa lori kuukuu Malindi: 365/80R20, 14.00R20 au ubaki na pacha?

Lori la zamani lenye tairi za 9.00-20 (upana wa inchi 9, rimu ya inchi 20) linapokwama kwenye mchanga wa Mambrui, lawama huangukia injini. Mara nyingi kosa ni pacha za nyuma, yaani tairi mbili zilizofungwa pamoja kila upande. Zimejazwa upepo wa paundi 90, ngumu kama gogo, na pacha hazikubali kushushwa upepo: ukizilegeza, ubavu wa moja unasugua ubavu wa mwenzake mpaka zinaungua. Tena tairi mbili za mbele zinachimba mfereji wao, halafu zile nne za nyuma zinakuja kuchimba mwingine pembeni yake, na injini inalipia yote miwili. Njia za Marafa zina adha nyingine. Jiwe la ukubwa wa ngumi linaingia katikati ya pacha na kukwama, na usipolitoa kwa mtaimbo linakula mpira wa pande zote mbili kimyakimya.

Kuondoa pacha na kuweka tairi moja pana kila upande ni dawa ya hayo yote. Wengi wanaharibu kwa kununua tairi kwanza, ndipo watafute rimu. Anza na rimu.

Rimu za magari ya Ulaya yenye tundu 8 za bolti hupangiwa tundu hizo kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 275. Ya Kijapani yenye tundu 8 hupangwa kwenye milimita 285. Tundu la katikati ni lilelile, milimita 221, kwa hiyo rimu inaingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu) vizuri kabisa, kisha bolti zinakataa kwa milimita 5 tu. Hapo ndipo fundi anapotaka kupanua tundu kwa moto wa gesi. Mkatalie. Tundu lililochomwa haliwi duara, nati haikai sawa, na bolti zitakatika moja baada ya nyingine. Lori la tundu 10 lina unafuu: duara la 335 na tundu la kati la 281 hutumika Ulaya na Japani pia. Rimu pana za Unimog (lori la Mercedes-Benz la njia mbovu) zinazokuja kama mali kuukuu za jeshi zina tundu 6 kwenye duara la 205; kuzitumia ni lazima kukata sahani ya kati na kuchomelea nyingine. Kazi hiyo inafaa tu kwa karakana yenye mashine ya kerezo, na rimu ikizungushwa baadaye isicheze zaidi ya milimita moja au mbili.

Kwenye habu za zamani za Kijapani kila bolti ya nyuma hubeba nati mbili, ya ndani na ya nje. Ukiweka rimu moja, nati ya ndani haina kazi tena, na urefu wa bolti na umbo la nati mpya lazima vilingane na kikalio cha rimu. Kumbuka pia kwamba upande wa kushoto wa magari hayo nati hufunguliwa kinyume. Asiyejua huongeza bomba kwenye spana mpaka akate bolti.

Kina cha rimu, yaani sahani ya kati imekaa ndani au nje kiasi gani, kinasahaulika kuliko yote. Sahani ikikaa vibaya, gurudumu linasukumwa nje, beringi ya nje inabeba mzigo usio wake, na stelingi isiyo na pawa inakuwa adhabu. Kata usukani mpaka mwisho, upande mmoja kisha wa pili, huku umepandisha gurudumu moja la mbele kwa jeki. Kati ya tairi na springi, na kati ya tairi na fimbo ya stelingi, ibaki nafasi ya sentimita 3. Pungufu ya hapo, tairi itachanika siku lori limebeba mzigo na kuingia shimoni. Nyuma, hakikisha gurudumu linafuata mstari uleule wa mbele, kwa sababu faida kubwa ya tairi moja mchangani ni kukanyaga njia iliyokwisha kukandamizwa.

Sasa tairi zenyewe. Continental MPT 81 ya 365/80R20 inataka rimu ya inchi 11. Kuibana kwenye rimu ya inchi 7 ya lori lako kunaivimbisha katikati, na ubavu unafanya kazi usiyoumbiwa. Kimo chake ni kama sentimita 109, na 9.00-20 ina kama 102. Tofauti ya asilimia 7 injini kuukuu inaivumilia. Spidi mita ikisoma 60, wewe uko 64. Mchangani ni tairi tulivu sana, na kwenye lami haipigi kelele. Udongo mweusi wa bonde la Tana wakati wa masika ndio udhaifu wake: meno yamekaribiana, yanajaa tope, na tairi inakuwa kipara.

Michelin XZL ya 14.00R20 ina meno yaliyoachana na inatema tope vizuri. Lakini kimo chake ni kama sentimita 125. Hiyo ni asilimia 23 juu ya 9.00-20, na kwa injini isiyo na tabo (turbo) utakuwa unaomba gia ya chini kila kilima. Breki nazo zinapungua nguvu kwa karibu asilimia 18, jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Na tairi moja, bila rimu, ina zaidi ya kilo 100. Fikiria utingo anayeipandisha peke yake. Kama hubadilishi difu (gia za ekseli), hatuipendekezi.

Kisha hesabu ya mzigo, na hapa ndipo wachukuzi wa mawe ya matumbawe wasimame wasome mara mbili. 9.00R20 yenye alama ya mzigo 140/137 (ya pili ni ya pacha) hubeba kilo 2,300 ikiwa pacha. Nne ni kilo 9,200. MPT 81 yenye alama 152 hubeba 3,550. Mbili ni 7,100. Umepoteza kilo 2,100 kwenye ekseli ya nyuma, na mizani pia hairuhusu ekseli ya tairi mbili uzito wa ekseli ya tairi nne. Anayejaza mawe au chumvi mpaka juu abaki na pacha, ila achukue 10.00R20 yenye meno makubwa, baada ya kupima kwamba pacha hazigusani. Tairi pana ni za lori la maji, la kambi, la vifaa, la mizigo miepesi.

Upepo ndio unaokuvusha. Upana unakupa tu ruhusa ya kuushusha. Kwa 365/80R20 yenye nusu mzigo, mchangani anza na paundi 35 mbele na 40 nyuma, usizidi kilomita 30 kwa saa. Ukiwa na tyubu usishuke chini ya 25, maana tairi huteleza juu ya rimu na kung'oa vali. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye tairi hadi kwenye rimu; ukiona umekatika na kuachana, tairi imeanza kuzunguka. Kwa lami, chora chaki kukata meno yote, tembea mita 100 moja kwa moja, uangalie. Ikifutika katikati peke yake, upepo umezidi.

Rimu za pete, zile zinazoshikilia tairi kwa pete ya chuma inayotolewa, zinazofanya kazi Gongoni na Ngomeni huliwa na chumvi ndani ya mfereji wa pete, mahali pasipoonekana. Kila tairi ikifunguliwa, sugua mfereji kwa brashi ya waya mpaka chuma kiwe cheupe. Pete ikiwa na ufa au imepinda, itupe. Jaza upepo tairi ikiwa imefungwa mnyororo au ndani ya kizimba, kwa sababu pete inayoruka inaua mtu.

Kwa tairi kuukuu za jeshi, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, alama iliyo ubavuni mwa tairi: 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Meno yanaweza kuwa mapya kabisa na ubavu umekwisha pasuka nyufa. Na nunua tano, si nne. Saizi hii usitarajie kuikuta kwa fundi wa pancha wa kando ya njia.