Magawio ya Safaricom Tangu 2008: Yamemfaa Nani?

Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, ilipoingia katika Soko la Hisa la Nairobi mnamo Juni 2008, hisa bilioni 10 zilizokuwa za serikali ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 kila moja, na maombi yakafurika hata wengi wakarudishiwa sehemu kubwa ya fedha zao. Muda si muda bei ikaporomoka chini ya shilingi 5 na kukaa huko kwa muda mwingi wa miaka kadhaa iliyofuata, na wapo waliouza kwa hasara wakaapa kutogusa hisa tena. Ninayapima hapa magawio yenyewe, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wanahisa, kwa sababu ndiyo yaliyowalipa waliovumilia.

Mwanzo ulikuwa wa kusikitisha. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009 ulileta senti 10 kwa hisa, na kufikia 2012 gawio lilikuwa bado senti 22, yaani mwenye hisa 1,000 alipata shilingi 220 kabla ya kukatwa kodi. Kwa viwango hivyo, kulipwa kupitia M-Pesa kulikuwa jambo la maana sana kwa mwanahisa mdogo, kwani hundi ya fedha kidogo namna hiyo haikustahili hata safari ya kwenda benki.

Kisha malipo yakaanza kupanda kwa kasi: senti 47 mwaka 2014, senti 64 mwaka 2015, na senti 76 mwaka 2016, ambapo liliongezwa pia gawio maalumu la senti 68. Mwaka 2019 lilitolewa jingine la senti 62 juu ya shilingi 1.25 za kawaida, na mwaka 2020 gawio likafika shilingi 1.40, jumla ya takriban shilingi bilioni 56, zaidi ya robo tatu ya faida halisi ya mwaka huo. Aliyenunua kwa shilingi 5 akatulia alikuwa sasa akipata shilingi 28 kila mwaka kwa kila shilingi 100 alizowekeza. Ukijumlisha magawio yote hadi Machi 2025, yanapita shilingi 15 kwa hisa, mara tatu ya bei ya kuingilia, na hisa zenyewe bado ni zake. Ni kampuni chache sana katika soko letu zinazoweza kuonyesha rekodi kama hiyo.

Hali si hiyo kwa aliyeingia 2021, bei ilipopita shilingi 40. Gawio la shilingi 1.39 la mwaka uliofuata lilimpa kama asilimia 3 tu, ilhali hati fungani za serikali za muda mrefu, yaani fedha ambazo wawekezaji huikopesha serikali kwa riba, zilikuwa zikitoa zaidi ya asilimia 10. Zaidi ya hayo, gawio lilishuka hadi shilingi 1.20 mwaka 2023 na kubaki hapo hapo mwaka 2024 na 2025. Sababu kubwa inajulikana: Ethiopia, ambako leseni pekee iligharimu dola milioni 850 na huduma zikaanzishwa Oktoba 2022, imekuwa ikimeza fedha nyingi. Siupingi uwekezaji huo, na ninaiheshimu bodi kwa kuendelea kulipa katika kipindi kigumu. Hata hivyo, gawio lisiloongezeka wakati bei za bidhaa zinapanda ni gawio linalopungua, na mwanahisa mdogo anayetegemea malipo hayo kulipia karo anastahili kuelezwa waziwazi mzigo huo utaendelea hadi lini.

Utaratibu wa malipo sina neno nao. Tangu 2021 gawio hutolewa kwa awamu mbili, la muda na la mwisho, na mkaazi wa Kenya hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 tu, hivyo shilingi 1,200 za hisa 1,000 kwa mwaka 2025 zilimfikia zikiwa 1,140. Aliyebadilisha namba ya simu au akaunti ya benki ahakikishe maelezo yake yamesahihishwa, kwa kuwa magawio yasiyodaiwa hatimaye hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, na kuyafuatilia huko kunahitaji makaratasi mengi. Anayetaka kununua sasa kwa ajili ya gawio agawanye gawio la karibuni la mwaka mzima kwa bei ya siku hiyo, alinganishe jibu na riba ya hati fungani, kisha aamue.