Mashine ya boti iliyokosa sailensa: nilivyohudumiwa na fundi wa Mikindani

Nina boti ya faiba ya kuvulia samaki aina ya changu, na mashine ya farasi 15 ya mipigo miwili, silinda mbili kwa kabureta moja. Kusi lilipochacha niliipandisha pwani miezi miwili. Niliporudi baharini katikati ya Agosti ikaanza maudhi: ukiifungulia mafuta yote inakimbia kama mpya, ukipunguza inamisi, inatetemeka, inazima. Yaani ilikosa sailensa, ule mngurumo wa chini wa mashine mafuta yakiwa yamepunguzwa.

Mtu wa bara atasema basi usipunguze. Lakini mlango wa mwamba, yaani pengo la kupita kati ya matumbawe, hupitwa polepole, na nyavu husogelewa polepole. Mashine ikizima pale mlangoni, wimbi linakusukuma juu ya matumbawe. Yalinipata mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na mwanangu chomboni. Tulijitoa kwa pondo, mikono imechubuka. Usiku ule sikulala.

Fundi wa kwanza niliyempata Mtwara mjini alibadilisha plagi zote mbili, akakaza skrubu ya sailensa ili mashine isizime, kisha akaniambia nitafute pesa ya pistoni na ringi. Kuzima kulipungua kweli, ila gia ikawa inaingia kwa kishindo kwa kuwa mzunguko ulikuwa juu mno. Ningeendelea vile ningekula meno ya gia.

Jirani yangu ndiye aliyenielekeza kwa kijana mmoja wa Mikindani. Hakushika spana kwanza. Aliuliza: "Mzee wangu, ikianza kumisi ukivuta choki kidogo, inakuwaje?" Nikamjibu inatulia, na kwamba ndivyo nilivyokuwa nikiendesha wiki nzima, choki nusu. Akasema hapo nimeshamaliza nusu ya kazi yake. Choki hupunguza hewa. Mashine ikipona kwa kunyimwa hewa, maana yake petroli inayofika ni kidogo. Na kwa kuwa juu inakimbia vizuri, jeti kubwa, yaani kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli ya mwendo wa juu, ni nzima. Inayolisha mwendo wa chini ni jeti ndogo, tundu lake jembamba mno, na hilo ndilo huziba la kwanza. Kuhusu pistoni akatikisa kichwa: ringi zikichoka, nguvu ingekosekana huko juu pia.

Hata hivyo hakuamini maneno yake mwenyewe mpaka apime. Aliitia mashine kwenye pipa la maji, maana haipaswi kuwashwa pakavu, pampu ya maji itaungua. Akakata moto wa plagi moja, kisha ya pili, akisikiliza; kila mara mzunguko ulishuka sawasawa, kwa hiyo silinda zote mbili zilikuwa zinafanya kazi. Akapaka maji ya sabuni kuzunguka gasketi ya kabureta kuona kama kuna hewa inayoingia kwa wizi. Hakuna kilichobadilika. Ndipo akafungua bakuli la kabureta na kumimina kilichomo kwenye chupa nyeupe. Niliona kwa macho yangu: matone ya maji yametulia chini ya petroli, na uchafu wa kahawia kama asali iliyoungua. Ile ni petroli niliyoiacha ndani miezi miwili. Yenyewe imeruka, imebaki gundi. Kosa ni langu.

Jeti ndogo aliiinua kwenye jua, mwanga haukupita. Nikampa waya wa baiskeli, akaukataa, akasema chuma kikipanua tundu lile hata kidogo, mashine haitapata tena kipimo chake. Aliiloweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, akaipuliza kwa upepo wa kompresa ya mziba pancha, akainua tena, mwanga ukapita. Skrubu ya hewa aliikaza taratibu hadi mwisho huku akihesabu mizunguko, akaiandika, ndipo akaifungua mzunguko mmoja na nusu. Urekebishaji wa mwisho ulifanyika majini, mashine ikiwa ya moto na gia imeingia. Hapo ndipo nilipomkubali kabisa, maana wengi humalizia kwenye pipa, ukifika baharini ugonjwa uleule.

Nililipa shilingi 35,000 za kazi, gasketi mbali. Gasketi zilitoka Dar, nikakaa siku nne bila kuvua, na hilo liliniuma. Jambo jingine: anafungulia kabureta chini ya mwembe, na upepo wa pwani una mchanga. Nilimwambia atafute hata sanduku lenye kifuniko, akaahidi.

Leo ni wiki ya tano. Asubuhi ikiwa ya baridi inataka choki dakika moja, kisha naisukuma ndani na mashine inanguruma taratibu bila kukatika, gia inaingia kimya. Nimefunga chujio la kutenganisha maji, na oili naipima kwa chupa, mililita 200 kwa lita 10 za petroli, si kwa kukadiria. Nikijua nitapumzika siku nyingi, nachomoa mpira wa mafuta nikiwa bado majini na kuiacha mashine iunguze kilichobaki mpaka izime yenyewe. Juzi tumepita mlango wa mwamba maji yakitoka, mwanangu akiwa ameshika usukani.