Pampu ya upepo ya gari: tumeipeleka Tanga kwa njia ya pwani

Haya, watazamaji wangu, hamjambo? Hii hapa mkononi ni pampu ya upepo ya gari, ile ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti. Mmeniuliza sana habari zake. Ningeijaribu pale nyumbani uani nikamaliza, lakini pampu ya kujaribiwa uani ni sawa na jahazi la kujaribiwa kwenye beseni. Kwa hiyo tumetoka nayo Dar, mimi na Baba Rehema, yeye ndiye kashika kamera, tukapita Bagamoyo, Saadani, Pangani, na sasa mnatuona tuko Tanga, Ngamiani.

Jina la pampu silitaji. Dukani zilikuwepo tatu, majina matatu, umbo lilelile mpaka skrubu. Nililipa shilingi 65,000.

Sasa, ukienda Tanga kwa Chalinze na Segera, usiinunue. Lami mwanzo mwisho, na mafundi wa pancha hawakosekani. Ya pwani ni habari nyingine. Bagamoyo mpaka Tanga ni kama kilomita 256, na tulipopita sisi lami bado ilikuwa inajengwa vipande vipande. Unakwenda vizuri, unaimba, ghafla mchanga. Na gari yetu inavuta magurudumu ya mbele tu.

Saadani tulipita salama. Ndani ya hifadhi hushuki ovyo, kuna simba na tembo wenye kwao. Mbele ya Mkwaja ndipo tulipozama. Ukikanyaga mafuta, tairi linachimba kaburi lake lenyewe. Dawa yake ni kupunguza upepo: kutoka PSI 32 (hicho ndicho kipimo cha upepo wa tairi) tukashusha hadi 20. Tairi linalala, linakuwa pana, linapita juu ya mchanga badala ya kuukata. Usishuke sana lakini, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi ukikata kona. Tukatoka kwa kusukumwa kidogo na vijana waliokuwa na baiskeli, Mungu awabariki.

Wengi wanaishia hapo. Wanaondoka na matairi yamelala, wakifika kwenye lami wanaongeza mwendo. Usifanye hivyo! Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila linapozunguka, linapata moto, mwisho linapasuka. Lazima ulirudishie upepo, na huko fundi yuko wapi? Hapo ndipo pampu inapolipa bei yake.

Washa injini kwanza, la sivyo unamaliza betri. Tairi moja, kutoka 20 kurudi 32, lilichukua dakika 6. Manne, dakika 24? Hapana, 40 na ushei, kwa sababu baada ya mawili mwili wake uliwaka moto nikaizima ipoe. Huo ni udhaifu wa kwanza. Wa pili ni waya: haufiki tairi la nyuma la upande wa pili mpaka uupitishe dirishani. Wa tatu ni kelele. Baba Rehema akaniambia, "Mama Rehema, simba wa Saadani watadhani tunawaita." Si mmemsikia anacheka?

Kikogwe, kabla ya Pangani, Baba Rehema alitaka tusimame kwa sababu ndipo mkonge wa kwanza nchini ulipopandwa, 1893, ulioletwa na yule Mjerumani Hindorf. Sawa, tumesimama, tumeona. Mto Pangani tukavuka kwa kivuko, daraja likiwa bado linajengwa.

Tongoni tukashuka kuangalia magofu, ule msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Tunarudi garini, tairi la nyuma kushoto limelala. Nikapima: 14. Kushusha spea maana yake ni kutoa mizigo yote, na juu ya mizigo kulikuwa na mkeka, nazi na ndoo ya dagaa niliyouziwa Pangani. Nikachomeka pampu. Makaburi yale yamelala karne nyingi kwa utulivu, siku hiyo yaliamshwa. Dakika 9, tukawa na upepo wa kutosha kumaliza zile kilomita 17 hivi zilizobaki, taratibu, bila kushusha hata nazi moja. Kwangu mimi, pale ilijilipa.

Hapa Ngamiani mitaa ina namba, barabara ya kwanza, ya pili, na kuendelea, kwa hiyo hata mgeni hapotei. Fundi wa pancha akatia tairi kwenye maji ya sabuni, mwiba huu hapa, angalieni. Kisha akaweka geji yake kwenye matairi yale mengine matatu niliyojaza mwenyewe hadi 32. Yakasoma 29. Yote matatu. Akaiangalia pampu yangu, akaniangalia mimi, akasema, "Dada, mashine nzima, ila saa yake ya kupimia upepo inasema uongo."

Kwa hiyo nunua na geji ya mkono pembeni, hiyo ndiyo ya kuamini, na upime asubuhi matairi yakiwa baridi. Ukitajiwa laki kwa pampu kama hii, toka dukani. Na kabla hujalipa, mwambie muuzaji aichomeke kwenye gari, iungurume dakika 5 ukiishika mkononi. Ikinukia plastiki, mrudishie.

Baba Rehema, zima hiyo kamera, samaki wanapoa.